Debe Lililogusa Sakafu

Shangazi Pamela mpendwa,

Nakuomba unishauri kabla ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo Bwana Mochama, injinia wa barabara, atakuja kutia sahihi daftari langu na mimi sijui nimwambie nini. Nilimaliza shule mwaka jana na mjomba wangu Zadock, nyapara wa kambi ya barabara karibu na Rodi Kopany, akanitafutia kazi ya kupima kitambaa kipya cha nailoni kitakachotandikwa chini ya udongo pale barabara inapovuka kinamasi. Nakata kipande, nachora juu yake mistari miwili ya wino iliyoachana inchi kumi, nakifunga kwa kamba kwenye boriti ya stoo, naning'iniza debe la mawe, na baada ya robo saa napima mistari kisha nalishusha debe. Kila kipande kimeongezeka robo inchi tu, nami nimeandika "Kizuri" kurasa nzima.

Sasa Ijumaa iliyopita jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, nikakimbia nyumbani nikasahau kushusha debe, na Jumapili asubuhi nikalikuta limekaa sakafuni kama kuku anayelalia mayai, ilhali nililiacha vidole vinne juu. Kitambaa hakikukatika, kilirefuka. Mjomba alicheka. "Nyathina, mwanangu, ni kamba imeteleza! Na tangu lini kusahau kukawa kupima? Mwambie Mochama uone, atakurudisha kwa mama yako ukachunge mbuzi." Lakini mistari ilikuwa imeachana inchi kumi na moja na nusu, na wino ulio ndani ya kitambaa hauwezi kuteleza. Mjomba ni mzee wa kanisa letu, mimi naona haya hata kuomba chumvi mezani, na lori za pamba zitapita juu ya kitambaa hicho.

Mwenye Haya, Rodi Kopany

Binti yangu,

Kusahau debe ni uzembe, na usirudie. Kuficha ulichokiona kungekuwa kubaya zaidi. Hivi hicho kitambaa kitabeba udongo kwa robo saa kisha kiushushe? Wewe umejua jambo ambalo hakuna hapo kambini aliyeliuliza, na unaniandikia kama mtu aliyevunja sahani!

Mjomba wako si mbaya. Alikuombea kazi, sasa anaogopa mchekwe wote wawili. Basi mwendee peke yake, umwambie, "Mjomba, njoo tupime pamoja." Kateni kipande kipya. Tieni alama ya chaki pale kamba inapofungwa, ili ikiteleza ionekane. Mning'inize Ijumaa kabla jua halijatua, muandike saa, muende Sabato kwa amani. Jumapili mpe yeye rula ashike mwenyewe.

Usichane ukurasa wowote. Andika wazi, "Hapa nilisahau," na chini yake, "Hapa tulikusudia." Bwana Mochama akija, huhitaji hotuba. Fungua daftari, weka kidole kwenye namba, nyamaza. Namba haina haya. Akikasirika kwa sababu ya kusahau, kubali. Akiuliza kama una hakika, inua macho useme ndiyo, kwa sababu unayo.

Ijumaa hii, ukifunga mlango wa stoo, liache debe likining'inia.

Shangazi Pamela