Aliyeniuliza Kama Nimekula

Mujukuu wangu Nadine,

Nakusalimu toka huku nyumbani, Bel-Air. Mama yako bado anauza vitenge, nami magoti yananisumbua kidogo tu. Umeniuliza: kile kikundi cha wagonjwa kusaidiana unachotaka kuanzisha hospitalini, uanze na nani?

Babu yako alipokatwa mguu, tulikuwa bado vijana. Aligeukia ukuta, akakataa chakula. Daktari alimsihi, padri alimsihi, nami nilimsihi. Kisha akaja Kabongo, fundi cherehani aliyelazwa wodi ya jirani, mguu mmoja, magongo mawili. Akaketi kitandani.

"Unaogopa nini?"

"Batoto bangu banione hivi."

"Wangu aliuliza: papa, muguu iko wapi? Nikamuambia. Akaenda kucheza."

Babu yako akacheka, mara ya kwanza tangu operesheni. Siku ile alikula bukari, ugali wetu.

Lakini mimi namkumbuka zaidi mke wa Kabongo, Mama Régine. Alinivuta nje: "Na weye, umekula leo?" Wiki mbili nilikuwa nalala sakafuni kando ya kitanda, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua.

Basi anza na yule anayemuuguza mgonjwa. Wakubwa wa hospitali wakikukatalia, rudi. Babu yako alipopona, sisi wawili tulitaka kusaidia wengine, tukakataliwa mara mbili. Mara ya tatu babu yako aliingia wodini kwa magongo yake, nami nyuma nimebeba sufuria ya uji, na hakuna aliyetuzuia.

Nkambo wako anayekupenda,
Bernadette