Rangi ya Mgeni

Dodoma, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kile kifua cha Januari kimepona. Natumaini goti lako linakubali kukunjika, na kwamba Mama anakula.

Barua yako ya kuniomba nichague rangi ya sebule nimeirudia mara nyingi. Unasema tangu Desemba ile tope liliposhuka kutoka mlimani, likamchukua mdogo wangu Judith na tusimpate hata wa kumzika, Mama analala jiko la nje. Unasema sasa ametamka kwamba kuta zikibadilika huenda akarudi kulala ndani. Basi hayo si mapambo, Baba. Ni njia ya kumrudisha mama yangu nyumbani kwake, na kazi hiyo naipokea kwa mikono miwili.

Nianze na ninachokikataa. Nakataa krimu juu na hudhurungi ya mafuta chini, ile sare ya zahanati na mahakama ya mwanzo. Nani alituamuru tulale ofisini? Nakataa na kijivu, kilichovikwa kila nyumba mpya ya hapa Dodoma hadi mtu akikaribishwa sebuleni anatafuta dirisha la kuchukulia fedha. Dunia imekichoka. Rangi zinazotamba mwaka huu ni za ardhi: kahawia ya kakao, kijani cha mzeituni, na ile ninayoipenda kupita zote, wekundu wa chungu kilichochomwa. Itazame kejeli hiyo! Bibi alikandika ukuta kwa udongo akaitwa mshamba. Leo udongo uleule unatiwa kwenye ndoo, unapewa jina la kifahari, na wenye maghorofa wanaugombania. Waliotufundisha kuuonea haya ndio wanaotuuzia. Tutaona haya hadi lini?

Naambatanisha kadi ya rangi. Niliyoizungushia duara inaitwa Udongo wa Mlimani.

Binti yako,
Marieta

*

Katesh, 23 Februari 2025

Mwanangu Marieta,

Marahaba. Sisi tupo, tunashukuru. Goti linalalamika asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mama yako anakula, ila kidogo, na anakula amesimama.

Kadi imefika na basi bila kukunjamana. Nilimwonyesha fundi Hermani, akacheka sana. "Mzee Yoakimu, nikupakie hii, halafu watu wakija waulize fundi anaanza lini?" Nikamwambia anyamaze, mtoto amesoma.

Mama yako aliishika kadi muda mrefu. Akaweka kidole kwenye lile duara lako, akasema, "Hii ni rangi ya mgeni." Akanirudishia, akaenda kukamua.

Nami nikiitazama naona ni ya mgeni kweli. Krimu isingekuwa na maneno. Lakini wewe ndiye mwenye elimu ya mambo haya, nikaona nikuandikie kwanza. Unasemaje?

Baba yako,
Yoakimu

*

Dodoma, 8 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo.

Ya mgeni! Neno hilo limenichoma. Wamefanikiwa kiasi gani hawa watu, Baba, ikiwa mwanamke aliyezaliwa Tumati, aliyelelewa kati ya kuta za udongo, anautazama udongo na kuuita mgeni? Mgeni ni krimu. Krimu ilikuja na boma la mkoloni, ikakaa kwenye kuta zetu kama karani, na sisi tukaizoea hadi tukaiita adabu. Udongo si mgeni. Udongo ndiye mwenye nyumba!

Nimeshachanganyisha rangi dukani na ndoo zimepanda basi la leo. Mwambie Mama asiogope. Hermani akitania, mwambie anijibu mimi. Tumtoe mgeni nje, mwenyeji aingie. Nina hakika Mama akiona kuta zake zimerudi, naye atarudi.

Binti yako asiyetikisika,
Marieta

*

Katesh, 30 Machi 2025

Mwanangu,

Nasikia vijana wengi huko wana mafua, jifunike. Mimi sijambo. Mama yako hayupo hapa, na ndiyo habari ya barua hii.

Nilikutii. Nilijiambia labda macho yetu ndiyo mabovu. Hermani alipiga msasa, akapaka, ikakauka, akarudia. Hakucheka safari hii. Kisha nikamwita mama yako.

Alisimama mlangoni. Halafu akaingia haraka, nikadhani ni furaha. Akalisukuma kochi, akapiga magoti, akaanza kukwangua ukuta kwa kucha. "Judith, sogea huku. Sogea nikushike mkono." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anamwita aje kula. Tulimtoa mimi na Hermani na jirani Bura, na vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Mjomba wako Lameck amekuja kumchukua, yuko Tumati.

Sasa nikueleze jambo nililodhani unalijua. Wewe ulikuwa chuoni, kosa ni langu. Huku kwetu lile lililoshuka mlimani hatulitaji kwa jina lake. Tangu wiki ile upande wetu wote tunasema "mgeni", kwa sababu lilikuja alfajiri bila hodi likakaa kwenye viti vyetu. Kulitaja ni kuliita. Ndiyo maana hata kwenye karatasi sikuliandika. Nilifikiri nikisema ni rangi ya mgeni, nimeshasema kila kitu.

Baba yako

*

Dodoma, 4 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Sina la kuuliza kuhusu hali, nimeshaijua.

Paka nyeupe. Usisubiri Jumatatu. Hermani akwangue yote, aweke rangi ya chini ya kuzuia wekundu usitokeze, kisha nyeupe, arudie hadi ukuta usahau. Pembeni, nyuma ya kochi, juu ya mlango, popote. Nimesoma kwamba kwa watu waliopatwa na mambo kama haya nyeupe ndiyo inayotuliza. Hili halina mjadala. Mama akirudi asikute hata tone.

Marieta

*

Tumati, 2 Juni 2025

Marieta,

Hujambo mwanangu? Umepona kile kifua? Mimi sijambo. Huku ni baridi, na mjomba wako ananifungia mlango mapema kama mimi ni ndama. Mke wake Sara ananicheka, anasema, "Wifi, ukitoroka niachie hilo blanketi." Tunaishi vizuri.

Baba yako alikuja kunichukua, akasema nyumba ni nyeupe sasa. Nilikwenda naye. Kweli ni nyeupe. Hermani anajua kazi, hakuacha hata pembe. Nikakaa kwenye kochi kutwa nzima, nikasikiliza. Hakuna mtu mle. Jioni nikamwomba baba yako anirudishe huku.

Nasikia uliandikiwa kwamba niliogopa. Nasikia na wewe uliona napinga mambo yenu ya chuo. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Niliposema ni rangi ya mgeni, nilikuwa nakubali. Judith aliondoka na mgeni, kwa hiyo kama mgeni yupo ukutani, na Judith hayuko mbali. Siku ile nilikuwa nimefika kwenye vidole vyake. Ni vyake, mimi ndiye niliyemkata kucha Jumamosi ile, kabla mgeni hajaja. Wakanivuta.

Sikulaumu. Ulichagua vizuri bila kuniuliza, na ukafuta bila kuniuliza. Mimi nilikuwa nimeomba kuta zibadilike, sikuomba zisafishwe.

Usitume ndoo nyingine. Mashine ya dukani inaweza kutoa rangi ileile, lakini mimi nitajua kwamba imetoka dukani.

Likizo nenda kwa baba yako umpikie, anakula viazi vya kuchemsha tu. Umheshimu, usimhutubie. Huku usije kwanza. Nikikuona nitawahesabu watoto, na nitakosea.

Ni mimi,
Mama Judith