Mwanasesere Aliyevuliwa Gauni

Kasulu, Jumanne, 9 Julai 1974

Baridi ya asubuhi imeniingia hadi kwenye vidole, na vumbi la kiangazi limetanda juu ya kila kitu hapa barazani. Tangu nifungue kazi sijashona kitu. Cherehani nimeifunika, nimekaa kwenye kigoda na daftari langu mapajani. Nina hasira. Nimekuwa nayo tangu Jumamosi na haijapungua hata kidogo.

Ngoja niandike yote kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Yote yalianza na kabati la Bi Mwanaidi. Huyu ni mke wa mwenye duka hili, mzaliwa wa pwani, ndiye aliyenipa baraza yake niweke cherehani. Sebuleni ana kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa. Siku moja wakati wa masika alikuwa amekaa hapa akinitazama nikikata kitambaa, akasema, "Skola, zile nguo tulizokuwa tunavaa juzijuzi tu, mimi sina hata picha moja. Nishonee watu wa kitambaa wazivae, niwaweke kule ndani."

Nikacheka. Kisha sikupata usingizi.

Nilianza kuchora. Niliamua wawe watano, wa kuwekwa na kutazamwa, si wa kuchezea watoto. Kila mmoja avae vazi la miaka ile ya baada ya uhuru, miaka ambayo haijapita hata kumi na tano lakini watu wanaizungumza kama habari za mababu. Mmoja wa sketi ya kuchanua yenye marinda. Mmoja wa kitenge kilichobana magotini na kilemba kirefu. Kila gauni litokane na gauni la kweli, lililovaliwa na mtu wa kweli, kwa sababu kitambaa kipya hakiwezi kudanganya jicho la mwanamke.

Wa kwanza alikuwa mimi.

Nilikuwa na gauni la tetroni la kijani, la kwanza kulishona mwenyewe nikiwa msichana. Fupi, limenyooka bila mkanda, kola nyeupe ya mviringo, vifungo vitatu visivyofungua chochote, vya urembo tu. Nililikata kwa mkasi huu huu. Nikapata gauni dogo lenye kila kitu cha lile kubwa, hadi upindo wa ndani ambao hakuna atakayeuona.

Kichwa, mikono na miguu alichonga Gaspari wa Makere. Ni mtu mzima aliyekuja kutoka Burundi miaka miwili iliyopita na mke wake na kisu chake cha kuchongea. Siku hizi analima, na akipumzika anachonga miiko na vigoda. Nilimwomba amchonge mwanasesere akitabasamu. Akakataa. "Mama Skola, mtu aliyevaa vizuri hachekicheki," alisema. "Anatazama mbele." Akamchongea viatu vya mchuchumio vyenye kisigino kama punje ya mahindi. Nywele nilizisokota mwenyewe kwa uzi mweusi wa sufu, nikazipandisha juu kama mzinga, kama tulivyokuwa tunafanya.

Sijawahi kutengeneza kitu nikakipenda vile.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kamati ya kazi za mikono alipita hapa. Ni mtu wa hapa hapa Kasulu, tunafahamiana. Akamshika mwanasesere, akamgeuza, akasema kazi kama hii lazima ionekane kwenye maonyesho Kibondo. Akaandika jina langu kwenye kadi mbele ya Bi Mwanaidi. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, na nikamshukuru. Hilo la kumshukuru linaniuma hadi sasa.

Jumamosi nilipanda lori kwenda kuona. Makere tukampakia Gaspari, amevaa shati lake la kanisani. "Mwakeye, mama," akanisalimia, kisha akakaa wima njia nzima kama mtu anayekwenda kumwona mtoto wake akipokea kipaimara.

Kibondo tulimkuta mwanasesere mezani, katikati ya vikapu na vyungu. Sikumtambua mara moja.

Walikuwa wamemvua gauni. Wamemfunga kipande cha gome la mti kiunoni na kingine begani. Nywele wamezikata, zimebaki vishungi vya uzi kama kichwa cha mgonjwa. Kadi mbele yake ilisema: Mwanamke wa Kiha wa asili, kazi ya Kamati.

Gaspari aliinama, akamgusa miguu. "Wamemkata visigino," akasema.  Akarudia kuugusa ule mguu kama mtu anayetafuta mwiba.

Mwenyekiti alikuwa pale, anawaeleza wageni. Alivaa suti yake ya mikono mifupi yenye mifuko minne, mshono ambao sijui ulitufikia kutoka wapi, lakini najua haukutoka kwa babu yake. Nikasogea.

"Huyu ni wangu," nikamwambia. "Gauni lake liko wapi?"

Akatabasamu kwa ajili ya wageni. "Mama, lile gauni ni kasumba. Hapa tunaonyesha utamaduni wetu. Tutazungumza baadaye, ofisini."

Ofisini. 

"Bibi yangu alivaa impuzu ya gome kwa sababu kaniki ilikuwa haijamfikia," nikasema. "Siku ilipomfikia, ile impuzu aliitandika mlangoni, sisi wajukuu tukawa tunafutia miguu. Mimi ni Muha. Lile gauni nililishona Kasulu, kwa mikono hii. Kwa nini vazi la bibi liwe letu na langu lisiwe letu?"

Wanawake waliokuwa wanauza vyungu walicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini nisimwaibishe mbele ya wageni.

"Nilikukabidhi mbele ya watu," nikamjibu. "Naye namchukua mbele ya watu."

Nikamtoa mezani, nikamfunga kwenye khanga yangu, nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia anasema kwamba sitashiriki tena maonyesho yoyote. Sawa. Aandike.

Ningependa kuishia hapo, nionekane jasiri. Lakini daftari hili nimeliahidi ukweli.

Miaka michache iliyopita, vijana waliposimama sokoni na kuanza kupima sketi za wasichana kama ni fupi mno, nilikuwa nimekaa hapa hapa. Niliwaona wakimshika msichana mmoja na kumchana upindo hadi kiunoni, watu wakishangilia. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili nisisikie. Na wiki iliyofuata wasichana walipopanga foleni kuongezewa vipande vya kitambaa chini ya magauni yao, niliwashonea wote na sikusema neno.

Nilinyamaza kwa gauni lililokuwa na mtu ndani. Nikapaza sauti kwa ajili ya kipande cha mti.

Nimelifikiria hilo tangu Jumamosi, na hasira yangu haijui tena imwendee nani.

Sasa ya leo. Nilikuwa ndiyo kwanza ninafagia baraza nilipomwona mke wa mwenyekiti anakuja, amejifunika khanga hadi kidevuni. Nikajua ametumwa. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikasimama na mikono kiunoni, tayari kwa maneno.

 Akatoa gazeti lililokunjwa, akanipa. Ndani yake kulikuwa na gauni la kijani, vifungo vyote vitatu, kola imeingia masizi kidogo.

"Alilileta jikoni akaniambia niwashie moto," alisema. "Sikuwasha."

 Nikamvutia kigoda. Akakaa, akaingiza tena mkono ndani ya khanga, akatoa kitambaa kingine, cha manjano chenye madoa meusi, kimefuliwa hadi kimelainika kama ngozi ya sikio.

"Hili nililivaa kwenye harusi moja Kakonko. Ndipo aliponiona mara ya kwanza. Alikuja kuniambia hajapata kuona gauni zuri namna ile." Alilikunjua magotini, akalilainisha kwa kiganja. "Tulipooana akaniambia nilifanye tambara la kufutia taa. Nimeficha kipande hiki tu. Unaweza kumtoa mtu wa kitambaa hapa?"

Nikamwambia naweza. Nikachukua futi yangu ya kamba na penseli, nikamuuliza gauni lilikuwa linaishia wapi. Nilidhani atanong'ona, au atasema popote tu. Barabarani watu walikuwa wanapita, wengine wakitusalimu. Yeye akasimama, akateremsha khanga, akaweka kiganja chake juu ya goti, juu hasa, akakiacha hapo.

"Hapa," akasema.

Nikaandika kipimo. Kisha nikamwambia nitamtunzia mwanasesere wake ndani kwa Bi Mwanaidi, nyuma ya vikombe, ili mumewe asimwone.  Akasema hapana, akae hapa barazani na wenzake, na kadi yake iwe na jina. Nikamuuliza mara mbili kama ana hakika, kwa sababu atakayerudi kwenye nyumba ile ni yeye, si mimi. Akasema anajua anarudi wapi.

Nikashika kadi niandike jina, na penseli ikasimama.

Tumeishi mji mmoja miaka yote hii. Nimemshonea nguo za watoto, nimekaa naye kwenye misiba, nimemsalimu kila wiki. Nami sikulijua jina lake. Nilikuwa namwita Mke wa Mwenyekiti, kama kila mtu.

Domitila, akasema. Akanitajia taratibu, herufi kwa herufi.

Nimemwandika kwenye daftari langu la vipimo pia, ukurasa mpya. Kisha nikapitia kurasa zilizotangulia nikiwa na penseli mkononi. Mke wa karani. Mke wa dereva. Mama wa wale mapacha. Mke wa mwalimu. Wangapi usiowajua majina, Skola, na tangu lini?