Mfenesi Uliochelewa

Sauda mjukuu wangu,

Sisi huku Koboko tu wazima. Mama yako amerudi sokoni, na mbuzi wako amezaa pacha. Unaniuliza kama nyumba unayonunua Arua iandikwe jina la kaka yako, kama wazee wanavyotaka.

Nilinunua kiwanja hiki mama yako akiwa tumboni. Mashahidi wakasema, "Jina ya mwanamuke haisimami kwa karatasi." Tukaandika la kaka yangu Musa. Na huku kwetu asiye mwenye ardhi hapandi mti wa kudumu, basi miaka kumi na moja nilifagia uwanja mtupu kama mgeni.

Siku moja Musa akaja na mwenyekiti wa mtaa. Nilidhani wamekuja kunitoa.

"Dada," akasema, "watoto yangu nakuwa wakubwa. Tuandike jina yako sasa, mimi bado iko hai."

Nilicheka mpaka nikalia. Jioni ileile nikapanda mfenesi.

Andika jina lako, Sauda. Ukija sikukuu tutakula fenesi pamoja. Tamu sana, ila mti wenyewe ulipaswa kuwa rika la mama yako.

Bibi yako,
Hawa