Suti za Mtihani

Jumatatu, 13 Julai 1964

Makwapa tena. Suruali mbili za kukata, koti moja la kugeuza kola, kisha jioni kukariri mito ya Ubelgiji. Mteja wa asubuhi aliinua mikono nimpime kifua, nikabana pumzi hadi machozi yakanitoka. Alikuwa amekula makayabu jana, na samaki huyo wa chumvi alikuwa bado anatoka kwenye ngozi yake. Nilitabasamu. Fundi lazima atabasamu.

Alphonse alikuja jioni na bahasha yake ya mitihani ya zamani. Nyingi ni za wakati wa Wabelgiji. Haikopeshi, haiachi, akienda chooni anakwenda nayo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Isangi. Amejaribu mtihani wa kuingia serikalini mara tatu na mara zote umemtema. Makubaliano yetu ni haya: yeye ananifundisha, mimi namshonea suti. Mwaka jana walimrudisha mlangoni mtu asiye na tai. Tangu hapo kila anayetaka kazi ya ofisi anaanzia kwa fundi.

Akisoma imla anarusha mate. Yote yanatua kwenye daftari langu.

Alhamisi, 16 Julai

Naitaka kazi ile. Naandika hapa kwa sababu mbele ya papa, baba yangu, siwezi kusema. Nataka meza, kiti na dirisha. Nataka mtu anijie na shida yake, si na jasho lake.

Papa anasema sisi Waungwana wa Kisangani tumeshona kanzu tangu enzi za babu yake, na fundi hafi njaa. Kweli hafi. Ananuka tu.

Swali la leo: eleza theluji inavyoanguka kijijini kwenu. Theluji! Kijijini kwetu! Uhuru umetimiza miaka minne na bado natakiwa kuona theluji. Alphonse ana jibu lake tayari, amelikariri mwaka wa ngapi sijui, lina pamba ndani yake na ukimya na paa jeupe. Analisema amefumba macho. Nikamuuliza kama serikali yetu haijabadilisha maswali.

"Swali haibadilikake," akasema. "Banabadilisha tu kashe ya juu."

Kashe, yaani muhuri. Nikaandika theluji yangu hivyo hivyo.

Jumapili, 19 Julai

Tumekuwa watatu. Gaspard ameingia, kibarua wa posta, anakaa ng'ambo ya mto Tshopo karibu na maporomoko. Kwa hiyo anaongea kwa kupiga kelele hata akiwa mezani. Sijawahi kuona mikono mirefu kama ile. Anakufikia sahani bila kuinuka. Amekula mikate sita ya kukaanga ya dada yangu na kulamba mafuta kwenye vidole kimoja kimoja, kisha akashika karatasi za Alphonse. Alphonse karibu azimie.

Mto Sambre unaingia mto Meuse wapi? Gaspard anasema Liège. Namur, anasema Alphonse. Baada ya robo saa swali lile lile, Liège tena. Alphonse alipiga meza hadi sindano zangu zikaruka.

"Namur! Namur! Kichwa yako iko na nini ndani?"

"Iko na njaa, Monsieur," akasema Gaspard.

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Ni mtu wa kwanza kunichekesha tangu nianze mambo haya.

Jumatano, 22 Julai

Nimempima Gaspard. Hanuki. Alioga kabla ya kuja, ana adabu hiyo. Kitambaa cha kijivu, kizuri, kakiweka tangu arusi ya kaka yake iliyovunjika.

Halafu akaniomba mfuko. Si wa kifuani. Ndani ya mkono wa kushoto, kwenye bitana, pale juu ya kifundo, kiasi cha kuingia karatasi iliyokunjwa. Nikaelewa. Nikamwambia huo ni wizi wa mtihani.

"Wizi gani, Assani? Muto ya Bulaya, jina yake iko ya nani?"

Nimekaa na swali hilo jioni nzima. Mfuko nimeushona.

Jumanne, 28 Julai

Tangazo la mtihani limebandikwa. Jumamosi tarehe nane Agosti, saa mbili asubuhi. Asiyefika kwa wakati ataondolewa, sababu yoyote haitapokelewa. Alphonse amelikariri pia. Analisema kama sala.

Mjini wanasema waasi wanakaribia. Walisema hivyo wiki iliyopita. Wanajeshi wa serikali wanalewa lotoko, pombe kali ya huku, tangu asubuhi na kukojoa kwenye ukuta wa duka letu. Papa anamwaga maji, wao wanakojoa. Huo ndio ulinzi wetu.

Theluji naijua sasa. Naiota.

Jumamosi, 1 Agosti

Suti ya Gaspard imekwisha. Bitana nilikosa, nikatia kipande cha kitenge cha njano cha dada, hakuna atakayeona ndani. Aliivaa, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji na kurudi, ile mikono yake yote miwili imefunikwa hadi mwisho. Watu walisimama kutazama. Papa mwenyewe, ambaye hasifu mtu, alipapasa bega la koti mara mbili.

Najivunia kazi hii. Inaniudhi kujivunia. Nataka kuacha ufundi, na ufundi unanitekenya.

Suti ya Alphonse imebaki mikono na vifungo.

Jumanne, 4 Agosti

Risasi tangu mchana. Tumelala chini ya meza ya kukatia, papa, dada na mimi, uso wangu kwenye vipande vya kitambaa vyenye mavi ya panya. Waasi wameingia.

Kabla hawajafika, mwanajeshi wa serikali aliruka ua wetu. Alivua sare mbele ya dada yangu, akaitupa chooni, akachukua suruali ya mteja kwenye msumari. Bunduki pia aliitupa chooni. Hakusema hata ahsante. Hawa ndio waliokuwa wakikojoa ukutani.

Alhamisi, 6 Agosti

Wako kila mahali. Wanajiita Simba. Majani kichwani, vipande vya ngozi ya mnyama, macho mekundu. Wamechanjwa dawa ili risasi igeuke maji, na ukimgusa mmoja wao dawa inaharibika. Kwa hiyo njiani unajibana ukutani. Jirani yetu aliteleza akamshika mmoja bega. Sitaandika alichofanyiwa.

Redio imesema wafanyakazi wote wa serikali warudi kazini. Alphonse kaja mbio, jasho linachuruzika, kaniletea habari hiyo kama zawadi.

"Kazi iko, donc serikali iko. Serikali iko, donc concours iko."

Kwa hiyo na kwa hiyo, hadi kwenye mtihani wetu. Nilimtazama mdomo. Nilifikiri anatania. Mtu huyu hajawahi kutania.

Ijumaa, 7 Agosti

Mteja ametuambia Simba wanavyofanya barabarani. Wanatazama nguo. Suti, tai, miwani, kalamu mfukoni: huyo ni karani, alikula na serikali, pandisha kwenye lori. Lori halirudishi watu.

Alphonse alikuja kuchukua suti yake. Imekwisha. Iko chini ya godoro la papa. Nikamwambia mikono haijashonwa.

"Fundi wa uongo! Weye unataka nafasi yangu! Weye mutu ya Koran, nani alikufundisha Kifaransa?"

Alisema mengine. Mate yalinipata usoni. Nilimwambia kuhusu lori, akasema tangazo liko wazi, sababu yoyote haitapokelewa. Nikamwambia aliyeandika tangazo amekimbia. Akasema tangazo halijakimbia. Papa akaingilia kwa upole kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na Alphonse akamjibu kwamba yake si ya kuazima, ni haki yake. Kweli ni haki yake. Nimeikalia.

Gaspard ana yake nyumbani. Daraja la Tshopo lina kizuizi, sikwenda kumwonya. Nimejiambia ana akili. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumamosi, 8 Agosti

Sikwenda kwenye mtihani. Wiki zote hizi za mito na theluji, na saa mbili asubuhi nilikuwa natoboa matundu ya vifungo vya koti la mteja.

Alphonse alikwenda. Kwa kaptula ya kufundishia na shati lililotoboka mgongoni, bahasha kwapani. Simba walimsimamisha, wakamtazama miguu, wakamuuliza kazi yake. Akasema mtu wa shule. Wakadhani mfagiaji, wakamwacha apite. Alikaa mbele ya mlango uliofungwa hadi mchana. Hakuna aliyekuja kuufungua.

Alirudi kunitukana. Anaamini mtu mwenye suti angefunguliwa. Yuko hai na anaongea upumbavu, na mimi nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Sikufanya lolote.

Akiondoka alisema Gaspard hakufika. Yeye alikuwa amemwonya asichelewe, akasema.

Alhamisi, 13 Agosti

Dada yake Gaspard alikuja dukani. Alisema Gaspard alitoka nyumbani Jumamosi kabla ya jua, amevaa suti, amepaka mafuta viatu. Hata darajani walimwona akipita. Baada ya hapo, hakuna. Aliuliza kama alilala kwetu. Nilisema hapana. Akauliza kama suti ilikuwa imelipiwa yote, asije akawa amejificha kwa aibu ya deni. Ilikuwa imelipiwa yote.

Sili. Lituma ya dada, ndizi zake za kuponda, imelala sahanini.

Jumanne, 18 Agosti

Simba mmoja kaja dukani leo, mtu mzima, mfupi, mwenye upole hasa. Alisimama mlangoni, akatuonya tusimsogelee. Kisha akatandika koti mezani. Alitaka mikono ifupishwe.

Kijivu. Niliona kabla halijatua.

Alieleza vizuri. Anatoka Kapalata, kambini, na sasa wakubwa wamempa kazi mjini. "Bananiweka posta," akasema. "Bureau bila veste, hapana. Cravate iko ya adui. Veste haiko mubaya."

Yaani ofisini tai hapana, koti ndiyo. Sikuruhusiwa kumgusa. Nilimtupia tepu, akajipima mwenyewe, akasoma namba vibaya, nikamwomba avae koti na kuweka alama kwa chaki yeye mwenyewe. Vidole vyake havikuonekana, vimepotelea ndani ya mikono ya Gaspard. Mgongoni kuna mahali paliposuguliwa kwa sabuni, pamekakamaa, pana rangi ya chai. Akalivua, akakaa nje kwenye kiti cha wateja, akila mikate ya dada yangu.

Nikafumua mkono wa kushoto. Kitenge cha njano. Mfuko wangu. Na karatasi ndani, imekunjwa mara nne, haijafunguliwa na mtu. Niliitia mdomoni kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Nikashona na karatasi mdomoni.

Nilishona vizuri. Mkono ulishindwa kushona vibaya, laana kwa mkono huu. Alivaa, akajigeuza, akafurahi.

"Kazi muzuri sana, hii veste. Nani aliishona?"

Nilitoa karatasi mdomoni kwa kujifanya nakohoa. Nikasema sijui. Mbele ya papa nikasema sijui, na papa akainamisha kichwa akaendelea na pindo lake.

Huyo amepata kazi posta. Bila imla, bila theluji, bila mito. Vipande vya mikono vilivyobaki nimevifukia nyuma ya nyumba. Vilikuwa virefu.

Jumatano, 19 Agosti

Papa kasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitoka nje nikasimama pale nilipofukia vipande.

Ijumaa, 21 Agosti

Mvua. Wateja hakuna. Nilimwita Alphonse, nikaitoa suti chini ya godoro na kuiweka mezani, imekamilika, vifungo vyote. Aligusa mshono wa mkono. Aliona uzi umetulia na chaki imepotea, akajua haukushonwa jana wala juzi. Hakunitukana.

Nikampa karatasi ya Gaspard. Ilikauka na alama za meno yangu. Maandishi madogo sana, safi, mtu aliyepata shida kuyaandika. Alphonse alisogea mlangoni penye mwanga, akasoma yote kutoka juu hadi chini, midomo inacheza bila sauti.

Karibu na mwisho akasimama. Mito Sambre na Meuse inakutana Liège, ndivyo ilivyoandikwa.

Alitafuta mfukoni kalamu yake ya risasi. Siku hizi anaificha ndani ya soksi, ikamchukua muda kuitoa. Akakata Liège kwa mstari mmoja, akaandika Namur kando yake, kwa mwandiko wa ubaoni. Kisha akaikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akaitia ndani ya bahasha pamoja na mitihani mingine, na bahasha akaiacha juu ya meza yangu.

Suti aliomba niifumue. Kitambaa kitatosha kaptula mbili za watoto. Nilimpa maji, akanywa, akanisaidia kuvuta nyuzi.