Jogoo wa Mkwe Wangu

Ijumaa, 7 Machi

Haya, daftari, ulikuwa wapi tangu mvua zianze? Chini ya gunia la pumba! Na mimi nakutafuta uvunguni kama mwendawazimu. Mtu hakukanyaga shule, kafundishwa herufi na mjukuu uzeeni, halafu na daftari linamkimbia. Huna haya!

Kesho maonyesho ya kuku. Mimi ndiye hakimu wa majogoo wazito. Wenye majogoo hatuambiwi ni nani, tunaona namba tu. Mizani hudanganywa — mtu anamshindilia jogoo mchanga, uzito unapanda. Mkono wangu haudanganywi.

Jumamosi, 8 Machi

Makubwa! Jogoo namba sita, mwekundu, kifua kama mlango. Mshale wa mizani ukakimbia mpaka watu wakashangilia. Nikampapasa kooni, kwenye kifuko cha chakula — kigumu kama ngumi. Nikapaza sauti: aliyemjaza huyu ni mwizi, na mama yake hakumlea!

Watu wakageuka kumtafuta mwenye namba sita.

Akasimama mkwe wangu. Mume wa binti yangu! Yule ambaye hata kunitazama usoni haya humshika. Akasema taratibu, "Mama, ni wangu. Sijamjaza kitu." Akamkumbatia jogoo wake, akaenda zake.

Fundi cherehani mmoja, kati ya watazamaji, akapiga makofi — bibi huyu hana mkwe wala mjomba, hukumu ni hukumu! Nikacheka. Eti nikacheka.

Jumapili, 9 Machi

Binti hakuja. Jumapili huwa hakosi.

Jumatatu, 10 Machi

Kaja. Hata hodi hakupiga. Jogoo kwapani, kanyong'onyea, shingo imelala.

"Tangu juzi hajala kitu, mama. Mkono uliompapasa na umponye basi."

Nikamnusa mdomo. Uvundo! Kama maziwa yaliyochacha. Mungu wangu — si mchanga. Ni nyasi, zimejiviringa, zimeziba. Jogoo mgonjwa! Na mimi nafuga kuku tangu sijaota magego.

Binti hakunionea huruma. "Huyu katoka kwenye yai la kuku wako mwenyewe," kaniambia. "Mume wangu alimlea kwa siri, alitaka ushangae, ufurahi."

Nimeshangaa.

Nimemtia jogoo mafuta ya vuguvugu kooni, namkanda. Nyasi zimeanza kutoka, kidogo kidogo. Kafumbua jicho moja, kanitazama kama ananidai.

Mkwe yuko nje. Nimemkaribisha kwa kumtuma binti, hataki. Naona viatu vyake chini ya pazia la mlango. Binti ananong'ona: mwite mwenyewe, mama, neno ni moja tu. Moja! Ulimi uliopayuka mbele ya umati sasa umeganda kama uji wa jana.

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili uko shingoni mwa jogoo. Viatu vimesogea. Sijui vinaingia au vinaondoka.

Sikia, daftari. Nikikufungua tena, usikubali habari za kuku kwanza. Niulize: ulimwita? Ulimwomba radhi mbele ya wale wale waliokusikia? Kama bado — rudi chini ya gunia, usinipokee.