Jani la Isale Mlangoni

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Masama tu wazima, na ng'ombe amezaa jike.

Unauliza kama nimeielewa kazi yako: kwamba protini iliyo juu ya seli ya kinga humtambua adui, ila haiwezi kupeleka habari ndani mpaka ishikamane na wenzake. Nimeielewa sana. Nilipoolewa nilimkosea mama mkwe, nikasimama mlangoni kwake na jani la isale, kuomba msamaha. Aliliona, lakini mdomo wangu ukawa mzito, nikarudi nalo. Kesho yake wifi alinishika mkono, tukaingia, akanisemea. Nikasamehewa.

Tangu mkosane, baba yako hakutaji. Isale lipo hapa uani. Njoo, nitakushika mkono.

Bibi yako